Nanyonyesha na jino limetoboka: nizibe kwa rangi ya fedha au kwa rangi ya jino?

*"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 34 na mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Gego langu la chini kushoto limetoboka upande unaogusana na jino la jirani. Nikinywa maji ya baridi au chai yenye sukari linachoma, baada ya sekunde chache linatulia. Usiku nalala vizuri. Nimekuwa nikilipaka mafuta ya karafuu. Mwaka jana lilizibwa, lakini baada ya miezi minne dawa yote ikatoka. Sasa nimekwenda kwa daktari mwingine, nimeambiwa nichague: kuziba kwa rangi ya fedha Sh 40,000 au kwa rangi ya jino Sh 90,000. Jirani yangu anasema ile ya fedha ni zebaki, ni sumu, itaingia kwenye maziwa. Mama mkwe anasema ning'oe tu, maana mdudu ataendelea kula hata likizibwa. Tena upande wa kulia nina jino lililozibwa kwa fedha tangu 2014 na halijawahi kunisumbua. Nalo niliondoe dawa? Na sindano ya ganzi haitamdhuru mtoto?"*

Marahaba, mwalimu, na hongera kwa mtoto. Umeuliza mengi, ila naona hofu zako ni mbili tu. Unaogopa kwamba ukichukua ya bei nafuu utamdhuru mtoto, na kwamba ukichukua ya bei kubwa itadondoka kama ya mwaka jana na fedha zako ziende bure. Hofu zote mbili zina msingi, na zote mbili zina jibu.

Kabla ya dawa ya kuzibia, tulitazame jino lenyewe, kwa sababu umeandika jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko bei zote mbili. Umesema linachoma sekunde chache kisha linatulia, na usiku unalala. Ndani ya kila jino kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ikiwa imeudhika tu lakini bado ni nzima, baridi na sukari huichoma, na ukiondoa baridi hutulia. Ikishavimba kiasi cha kutorudi katika hali yake, maumivu hukaa dakika nyingi baada ya maji kupita, huja yenyewe bila sababu, na hukuamsha usiku wa manane. Kwa maelezo yako, jino lako bado liko upande wa kwanza. Daktari atalihakikisha kwa kulipima kwa baridi, kuligonga taratibu na kupiga picha ya eksirei, lakini kama uliyoandika ndivyo yalivyo, hilo ni jino la kuzibwa, si la kung'olewa.

Sasa tuseme na mama mkwe, kwa heshima zote, kwa sababu hakulitunga hilo. Wazee waliona jino likivunjika na ndani kuna uozo laini wa kahawia, pengine na kinyuzi cheupe kinachoning'inia. Kinyuzi kile ndiyo ile nyama ya ndani niliyoitaja, na ukiiona imetoka utadhani kweli ni funza. Kinachotoboa jino ni bakteria wanaoishi kwenye utando unaonata juu ya meno. Wao hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi ikizidi kiasi, yaani kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapoongezeka, kikifika chini ya takribani 5.5, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huja kuisafisha asidi hiyo na kurudisha madini, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Mtu anayekunywa kikombe cha chai tamu mara moja na kumaliza huyapa mate nafasi. Anayekunywa funda moja kila baada ya dakika kumi, tangu kipindi cha kwanza hadi mapumziko, huuanzisha upya uozo kila funda.

Kwa hiyo jino likisafishwa vizuri na kuzibwa bila upenyo, hakuna mdudu anayebaki kula. Bakteria wachache wanaofungiwa chini hukosa chakula na hudhoofika. Nalisema hili pia kwa sababu siku hizi daktari akikuta shimo limekaribia sana ile nyama ya ndani, anaweza kuacha makusudi sehemu ndogo iliyolainika chini kabisa, akasafisha kingo zote mpaka ziwe ngumu, kisha akaziba. Ukimsikia akikueleza hivyo usidhani amefanya kazi nusu. Kuchimba hadi kuifunua nyama ile ndiko kungekupeleka kwenye matibabu ya mzizi, ambayo ni marefu na ya gharama kubwa zaidi.

Kuhusu kung'oa, ni kweli leo ni nafuu. Lakini gego likiondoka, jino la juu lililokuwa likikutana nalo huanza kushuka polepole kufuata nafasi ile, na jino la nyuma yake hulala kuelekea pengoni. Chakula huanza kukwama mahali ambapo hakikuwahi kukwama, na meno mawili matatu mengine huingia kwenye matatizo. Una miaka 34, na gego hilo linaweza kukutafunia kwa miaka mingi bado. Kuweka jino la bandia baadaye kutakugharimu mara nyingi zaidi ya hizo 90,000. Jino ambalo bado ni hai, lenye kuta za kutosha, mimi siling'oi kwa sababu ya bei ya siku moja, na namwomba mwenzangu yeyote asiling'oe.

Tuje kwenye zebaki. Jirani yako hajasema uongo kuhusu kilichomo. Dawa ya rangi ya fedha inaitwa amalgamu, na takribani nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Zebaki ni kimiminika, ikichanganywa na unga ule hufungamana nao na kuwa kitu kigumu kabisa. Imeziba magego ya watu kwa zaidi ya miaka 150. Ni imara, ni ya bei nafuu, na hata mate yakiingia kidogo wakati wa kuziba haiharibiki kirahisi. Ukubwa wa hatari ndipo jirani alipozidisha. Amalgamu iliyokwisha kukauka hutoa mvuke mdogo sana wa zebaki mtu anapotafuna, na kwa watu wazima walio wengi haijathibitika kwamba kiasi hicho huleta ugonjwa. Mvuke huwa mwingi zaidi nyakati mbili: inapowekwa na inapochimbwa kuondolewa.

Hata hivyo, dunia inaiaga amalgamu, na sababu kubwa ni mazingira. Zebaki inayomwagwa kutoka kliniki huishia kwenye maji na samaki. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, unaobeba jina la mji wa Japani ambao watu wake waliathirika vibaya kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulianza kutumika 2017, na Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, kwa wajawazito, wala kwa wanaonyonyesha, isipokuwa pale daktari anapoona mgonjwa huyo hana njia nyingine. Novemba 2025 zikakubaliana kuiacha kabisa kufikia 2034.

Wewe unanyonyesha. Kwa hiyo kwako ile ya Sh 40,000 haikupaswa kuwekwa mezani kama chaguo sawa na nyingine, na una haki ya kumwambia daktari, kwa upole: "Nina mtoto anayenyonya, nisaidie kwa dawa isiyo na zebaki." Hatua hiyo ni tahadhari. Kama kuna mama anayesoma hapa ambaye alizibwa kwa fedha wakati ananyonyesha, tafadhali asimwachishe mtoto maziwa wala asikose usingizi.

Na jino lako la kulia la tangu 2014 liache. Kama halina ufa, halijaoza pembeni na haliumi, kulichimba ili kuondoa fedha kutakufanya uvute mvuke mwingi zaidi siku hiyo kuliko unaoupata unapotafuna, tena kutakula na sehemu nzima ya jino. Likija kuharibika lenyewe siku moja, hapo litabadilishwa.

Sasa ile ya rangi ya jino. Wengi hudhani bei yake ni ya urembo. Jina lake ni kompoziti: utomvu wa plastiki uliochanganywa na unga laini sana wa kioo. Daktari hulipaka jino asidi kwa sekunde chache ili kufungua vitundu vidogo vidogo, huosha, hukausha, hupaka gundi, kisha huweka kompoziti tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi kama milimita 2, na kuligandisha kwa mwanga wa bluu. Faida yake kubwa ni kwamba hushikamana na jino kwa gundi, kwa hiyo halichimbwi zaidi ya ulipo uozo. Amalgamu hushikiliwa na umbo la shimo, na mara nyingi daktari hulazimika kuondoa sehemu nzima ili ipate pa kujishikiza.

Lakini kompoziti haivumilii mate. Tone moja likiingia kati ya gundi na jino, hapo patakuwa na upenyo. Tena inapoganda hunywea kidogo, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na ikiwekwa bonge moja badala ya matabaka, kule kunywea huivuta itoke kwenye ukuta wa jino. Ndiyo maana tafiti zilizolinganisha dawa hizi mbili kwenye magego zimeikuta kompoziti ikishindwa mara nyingi zaidi kuliko amalgamu, hasa kwa jino kuoza upya pembeni. Kwa hiyo Sh 90,000 unailipa zaidi kwa muda na mikono ya daktari kuliko kwa rangi. Kuziba gego kwa kompoziti, tena upande unaogusana na jino la jirani, ni kazi ya nusu saa mpaka saa nzima. Akikufanyia kwa dakika kumi, nina mashaka nayo.

Kuna dawa ya tatu ambayo hukutajiwa, nami naipenda sana. Inaitwa glasi ionoma. Ni unga wa kioo unaochanganywa na asidi laini, na hushikamana na jino yenyewe bila gundi. Hutoa floridi, madini yanayolinda jino lisioze, kidogo kidogo mahali ilipo, na huvumilia unyevu kuliko kompoziti, ingawa nayo hupendelea pakavu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ina historia hapa nyumbani pia: katikati ya miaka ya 1980, Dar es Salaam, madaktari wa meno walianza kujaribu kutibu meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine na bila umeme, wakikwangua uozo na kuziba. Baadaye glasi ionoma ndiyo ikawa dawa ya njia hiyo, na leo inatumika katika nchi nyingi. Nimeona wanafunzi wa vijijini wakizibwa meno wakiwa wamelala juu ya meza ya darasani, bila kelele ya mashine na mara nyingi bila hata sindano.

Udhaifu wake ni nguvu. Kwenye shimo dogo la juu ya jino hukaa vizuri kwa miaka. Kwenye shimo pana linalofika upande wa jino la jirani, kama lako, huweza kuvunjika au kulika mapema.

Nikiulizwa mimi, ningefanya hivi. Kama baada ya kusafisha naweza kulikausha jino na likakaa kavu, ningeweka glasi ionoma chini, karibu na ile nyama ya ndani, na kompoziti juu yake panapotafuniwa. Kama shimo limeshuka chini ya ufizi na panavuja damu au mate kila nikifuta, nisingekulazimishia kompoziti. Ningeziba yote kwa glasi ionoma ya aina nzito, ningekueleza wazi kwamba huenda ikahitaji kubadilishwa mapema, na tungepanga ya kudumu ufizi ukishapona. Na kama kuta za jino zimebaki nyembamba sana, ningekwambia ukweli kwamba jino hilo litahitaji kuvikwa kofia siku zijazo.

Ile ya mwaka jana ilitoka kwa nini? Hebu kumbuka: ilikuwa nyeupe isiyong'aa, yenye harufu ya karafuu, na haikuwa ngumu sana? Kama ndiyo, basi ilikuwa dawa ya muda. Hutengenezwa kwa zinki oksidi na yujenoli, na yujenoli ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, yaleyale ya Pemba na Unguja. Huwekwa ili jino litulie wiki chache, kisha mgonjwa arudi kuzibwa kwa ya kudumu. Jino linatulia kweli, mgonjwa anaona amepona, harudi, na baada ya miezi dawa inalika na kutoka. Mara nyingi kosa ni letu madaktari. Tunasema "urudi" bila kusema kwa nini. Kama haikuwa ya muda, basi mate yaliingia, au ilikuwa imepanda juu kuliko meno mengine na ikawa inagongwa kila ukitafuna, au uozo haukumalizwa kwenye kingo. Mwambie daktari mpya habari hiyo yote.

Na mwambie kuhusu karafuu, kisha uache kuyapaka kuanzia leo. Mafuta hayo hutuliza kweli, mababu zetu hawakukosea. Lakini yakiwekwa mara kwa mara huunguza ufizi, na yujenoli inayobaki kwenye jino huzuia kompoziti kuganda inavyotakiwa. Unaweza kulipa fedha yote na dawa ikabaki laini pembeni kwa sababu hiyo tu. Ukiumwa kabla ya siku yako, parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo cha kawaida zinafaa kwa anayenyonyesha, ibuprofeni ukiitumia baada ya kula na kama huna vidonda vya tumbo. Antibiotiki za kununua dukani usiziguse. Haziwezi kuziba shimo, na kwa maumivu ya aina yako hazina kazi.

Sindano ya ganzi isikutishe. Inayotumika sana ni lignokeini, na kiasi kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno. Huhitaji kukamua na kumwaga, wala kumsubirisha mtoto. Kwa gego la chini sindano huchomwa nyuma kabisa ya mdomo, kisha mdomo na nusu ya ulimi hufa ganzi kwa saa mbili hadi nne. Usitafune chochote mpaka irudi, maana watu hujing'ata midomo bila kujua. Ikirudi, kompoziti unaweza kutafunia siku hiyohiyo, kwa kuwa mwanga huigandisha palepale. Glasi ionoma ipumzishe angalau saa moja, na vyakula vigumu mpaka kesho yake.

Kwenye kiti, kuna mambo machache ya kumwuliza au kuyatazama. Uliza kama amepiga picha. Uliza atalikaushaje jino: kwa kipande cha mpira kinachovishwa juu ya jino, au kwa pamba na bomba la kunyonya mate, vyote vinakubalika mradi avibadilishe kila vinapolowa. Kwa kuwa shimo lako liko pembeni, ni lazima aweke ukanda mwembamba, kwa kawaida wa chuma, kati ya meno mawili na kuubana kwa kijiti. Bila huo dawa itavimba upande wa ufizi au itaacha mwanya wa chakula kukwama. Mwishoni atakung'atisha karatasi ya rangi. Ukihisi jino limetangulia kugongana kuliko mengine, sema hapohapo, hata kama foleni ni ndefu. Dawa iliyopanda juu kwa unene wa unywele tu inaweza kuliuma jino kwa wiki nzima.

Kuchoma kidogo kwa baridi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ni kawaida. Rudi mapema kama maumivu yanazidi badala ya kupungua, yanakuamsha usiku, au huwezi kulitafunia jino hilo. Na iwe kabla au baada ya kuziba, ukiona shavu au chini ya taya pamevimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri au unameza kwa shida, usingoje tarehe yako wala kumwandikia mtu yeyote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu usaha wa jino la chini unaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa.

Baada ya hapo jino lililozibwa linaoza kama mengine, tena huanzia pale dawa inapokutana na jino. Dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, moja iwe kabla ya kulala. Tema povu na usisukutue kwa maji mengi. Mswaki haufiki kati ya meno mawili, na ndipo shimo lako lilipoanzia, kwa hiyo jifunze kupitisha uzi wa meno hapo kila jioni. Kijiti cha kuchokonolea hakifanyi kazi hiyo.

Usilikawize. Jino linalochoma kwa sekunde chache mwezi huu linaweza kuwa la kukesha mwezi ujao. Chukua nafasi ya asubuhi, kula ushibe kabla ya kwenda, na nenda na mtu wa kumshika mtoto nje. Akilia njaa, unaweza kumnyonyesha mara tu utakaposhuka kwenye kiti.